Ufa Nyuma ya Pazia la Arusi

Batul Lemrini alikuwa na kanuni moja ya kazi, na aliishika kama mtu anavyoishika saumu: ukiingia nyumba ya mtu kuipima, toka na kuta tu. Sufuria tupu uliyoiona jikoni, wake wenza walionuniana, binti aliyerudi kwao na mtoto mgongoni, hayo yaache pale pale. Wewe umekuja kupima ukuta, mlango, ngazi na njia ya maji. Pima, shukuru, toka.

Nasema haya kwa kuwa kanuni hiyo siku hizi imekufa. Mtu akialikwa chai, kabla hajaketi ameshapiga picha zulia la mwenyeji wake na kulitangaza kwa watu asiowajua. Batul aliingia nyumba za nusu ya mji mkongwe wa Fez, akazijua mpaka vyumba vya kuwekea mafuta ya zeituni, na hakuna aliyewahi kusikia habari ya nyumba moja ikitoka kinywani mwake katika nyumba nyingine. Huo ndio uaminifu, hauna jina lingine.

Kazi yenyewe ilianza miaka ile ambayo kompyuta za ofisini bado zilifunikwa kitambaa jioni, kama tundu la ndege. Mji mkongwe ulikuwa umechoka. Kila mvua za kipupwe zilipopiga, ukuta ulilala hapa, ngazi ikazama pale. Wakubwa wenye haraka walisema watu wote wahamishwe wakajengewe maghorofa nje ya malango. Wengine, na hao ndio waliokuwa na akili, walisema mji uliosimama karne na karne hauzikwi kwa sababu umeugua. Utibiwe, na watu wakae humo humo: maji machafu yapate njia, nyumba zilizochoka zikarabatiwe kwa zamu, na pasipopita gari la zimamoto basi upite mpira wa maji. Lakini hutibu usichokijua. Ikafunguliwa ofisi ya ramani ili mji mzima uingizwe ndani ya kompyuta, kila nyumba na umri wake, kuta zake, idadi ya watu wake na mfereji wake unakomwaga. Ukiigusa nyumba moja kwenye kioo, habari zake zote zinajitokeza, na wapangaji wa mji wanajua waanzie wapi.

Picha zilizopigwa kutoka kwenye ndege zilisaidia kidogo tu. Kutoka juu, Fez ni mapaa na matundu ya nyua. Vichochoro vingi vimefunikwa na vyumba vilivyojengwa juu yake, na jua lenyewe halivijui. Ofisi ikatuma vijana na kamba za kupimia. Walipofika mlango wa kwanza, kila mtu mtaani alijua kitakachowapata isipokuwa wao.

"Nani?" sauti ya mwanamke ikauliza kutoka ndani.

"Watu wa ramani, mama. Tunataka kupanda juu ya paa."

"Paa la nani?"

"Hili lako."

"Mume wangu yuko dukani. Na hata angekuwapo, saa hii wanawake wa mtaa mzima wako juu wanaanika nguo. Mmekuja kupima nyumba au kupima wanawake? Haya, nendeni zenu, watovu wa adabu!"

Kwetu mapaa yalikuwa ya wanawake. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo, na hakuna aliyeivunja. Alasiri mwanamume mwenye heshima hakuonekana juu, hata kwake. Mkuu wa ofisi, mhandisi Jawad, au Si Jawad kama tunavyowaita kwetu wanaume wa heshima, alizaliwa mji mpya lakini hakuwa mpumbavu. Akatafuta mwanamke mwenye cheti cha upimaji, akampata Batul, aliyesoma Rabat na wakati huo alikuwa akichora mifereji katika idara nyingine.

Nazikumbuka alasiri zile. Batul alipanda na kanzu yake ya kijivu yenye kofia, penseli imechomekwa kwenye kilemba, na wanawake wakamshikia ncha ya kamba. Kamba ilipita kutoka paa hadi paa, juu ya mashuka na trei za nyanya zilizoanikwa, huku sauti zikiifuata, zikimwita Lalla, yaani bibi.

"Lalla Batul, paa langu lipe urefu kidogo, nina wageni!"

"Na langu lipunguze, mume wangu asipate pa kuwekea mke wa pili!"

Chini, wenye nyumbu walipiga kelele zao za simile, simile, na harufu ya mkate ilipanda kutoka kwenye tanuri la mtaa. Batul alicheka na wote na kuandika kilichokuwapo. Hakumwongezea mtu shubiri wala kumpunguzia.

Jioni aliviingiza vipimo kwenye kompyuta, na kompyuta ikavikataa. Ilikuwa imefundishwa kwamba viwanja viwili havipandani. Kila mistari ilipopandana, ililalamika. Siku za mwanzo Batul aliitii: chumba cha juu alikikata kwa mwenyewe, akampa jirani wa chini ambaye ukuta wake ndio uliogusa ardhi. Ofisi ilipopeleka karatasi za uhakiki mitaani, mzee mmoja akaja na bakora yake.

"Nani kampa jirani chumba cha marehemu mama yangu?"

"Ni kompyuta, Hajji," akajibu karani.

"Mwite aje hapa!"

Si Jawad alicheka mpaka akavua miwani, kisha akakumbuka kwao. Nyumba ya bibi yake nayo ilikuwa na chumba kilichokalia jiko la watu wengine. Kwetu hewa iliyo juu ya nyumba huuzwa na kurithiwa peke yake. Mtu anaweza kumiliki chumba cha kulala kisichokuwa na ardhi hata ya kupanda nanaa. Si Jawad akaamua ramani ipangwe kwa matabaka, la chini, la kati na la juu, kama karatasi nyembamba zilizolazwa moja juu ya nyingine. Tangu hapo ramani iliweza kusema nani amembeba nani. Ukuta ukitiwa alama ya kijani ulikuwa salama. Wa njano ulisubiri zamu. Nyekundu maana yake watu watoke kabla ya mvua, magogo ya mwerezi yaletwe kuuegemeza, na matengenezo yaanze hapo.

Sasa nimtaje Mfaddla.

Batul na Mfaddla walikulia mapaa yanayogusana. Walipelekwa pamoja kwa mwalimu mmoja wa kudarizi, mama mkali aliyewafundisha mshono wetu wa Fez, ule ambao upande wa ndani na upande wa nje ni sawasawa. Akiona fundo nyuma ya kitambaa, alikifumua chote. "Nyuma ndiko Mungu anakotazama," aliwaambia. Wasichana wa leo hununua mashuka yaliyodariziwa na mashine, nyuma yake ni msitu wa nyuzi, na hawaoni haya.

Mfaddla akaolewa Kichochoro cha Mkomamanga, katika nyumba yenye ua wa vigae vya buluu na chumba cha juu kilichokalia nyumba ya Si Thami, mfua shaba. Batul hakuolewa. Mfaddla alipofiwa na mume, wale wawili wakawa kama nyumba mbili zinazoegemeana. Kila Ijumaa Batul alikula kuskusi kwa Mfaddla, na Lubna, binti pekee wa nyumba ile, alimwita mama mdogo. Ijumaa moja hakutokea kwa sababu ya homa, na kabla ya alasiri sahani ilikuwa imeshamfikia, imefunikwa taulo, pamoja na ujumbe: "Mwambieni akifa bila ya ruhusa yangu sitamsamehe."

Mwaka huo Lubna alichumbiwa na watu wa nasaba kubwa. Arusi ilipangwa iwe mwanzo wa kipupwe, na bibi arusi atoke nyumbani kwa baba yake kama walivyotoka bibi zake. Kwa Mfaddla hilo lilikuwa kila kitu. Mume hakuwapo, mali haikuwapo, nyumba ndiyo iliyobaki kumsemea.

Batul aliiacha nyumba ile iwe ya mwisho kuipima mtaani, kama mtoto anavyoacha nyama mwisho wa sahani. Alipoingia, ua ulikuwa umepakwa chokaa mpya. Katika chumba cha juu, Mfaddla alikuwa ameshatundika pazia la arusi, lile la mahameli lenye matao ya dhahabu, ukuta mzima.

"Niinulie pazia nipime pembe," Batul akasema.

"Pembe ya nini? Chumba hiki unakijua tangu nilipoletwa na ngoma. Andika hivyo hivyo, chai inapoa."

"Sijawahi kuandika hivyo hivyo, Mfaddla."

"Basi leo anza, mkaidi we. Nani atakufunga?"

Batul akacheka, akaliinua pazia mwenyewe. Kicheko kikamkauka.

Ufa ulishuka kutoka kwenye dari mpaka sakafuni, mpana wa kuingiza kiganja. Ulikuwa umeshindiliwa matambara na kupakwa chokaa juu yake. Huko juu, vichwa vya boriti mbili vilikuwa vimeanza kuuacha ukuta.

"Tangu lini?"

"Tangu mvua za mwaka jana. Ukuta umechoka tu, kama mimi. Literemshe pazia, Batul."

"Ukuta huu unamwangukia nani?"

"Hauangukii mtu. Umesimama."

"Mfaddla. Chini ya hapa hulala wanawe Si Thami."

Mfaddla akaketi juu ya godoro, mikono magotini. "Miaka yote umejisifu kwamba unatoka na kuta tu. Aibu za watu huzibebi. Hii ni aibu yangu. Iache humu ndani."

"Huu ni ukuta."

"Ni arusi ya mwanangu! Yule mama mkwe alipokuja alipitisha kidole kwenye mlango wangu, anatafuta vumbi. Akisikia tumetolewa nyumbani kama panya, ataachaje kuivunja posa? Ngoja arusi ipite. Siku ya pili yake nitakuletea mwenyewe hiyo kalamu nyekundu."

"Na siku ya arusi, wanawake watacheza wapi?"

Mfaddla akaitazama sakafu. Chumba cha kuchezea kilikuwa hicho.

"Nitawaambia wakae," akasema mwishowe.

"Wanawake wa Fez, ngoma inalia, wakae?"

Nusura wacheke wote wawili. Batul akasogea karibu. "Mwambie basi Si Thami, awahamishe watoto. Mwambie wewe, leo."

"Nimwambie Thami? Mkewe ana mdomo kama lango la soko. Habari itafika kwa wakwe kabla ya mkate kutoka kwenye tanuri."

"Basi nitaandika. Nimekwambia wewe kwanza, kabla ya mtu yeyote. Zaidi ya hapo siwezi."

"Unaweza. Hutaki." Mfaddla akasimama. "Nenda, kaandike. Lakini mlango ule ukishautoka, usiurudie. Na usimwite tena Lubna mwanao. Mama hafanyi haya."

Batul alimaliza kupima pembe. Wengine wangekimbia wakilia. Yeye alipima pembe zote, akakunja kamba, akashuka. Chai haikunywewa.

Ofisini, Si Jawad alisimama nyuma yake alipokuwa akiingiza vipimo. Tabaka la juu lilipolazwa juu ya la chini, ukuta ule ulianguka sawasawa juu ya chumba cha wanawe Thami.

"Hii si nyumba ya shoga yako?"

"Ndiyo."

"Tunaweza kuiweka njano. Mimi nitatia sahihi. Tukairudie baada ya mwezi, arusi imekwisha."

Alisema kwa wema, na ndiyo maana maneno yake yalikuwa ya hatari. Mtu mbaya akikushawishi unamjua. Anayekupenda akikufungulia mlango wa nyuma, ni rahisi kupita.

"Njano maana yake inayosubiri, Si Jawad," Batul akasema. "Hii haisubiri." Akaitia nyekundu kwa mkono wake.

Watu wa manispaa walikuja na karatasi na magogo. Walikuwa na adabu, lakini kichochoro ni chembamba, na magogo ya mwerezi hayafichiki. Mfaddla na Lubna walihamishiwa ghorofa la watu nje ya malango, na akina Thami wakahamia kwa ndugu. Arusi haikuvunjika. Ilifanyika ghorofani huko, katika sebule ya kukodi yenye dari ya chini, na wabebaji walipomwinua bibi arusi kwenye kiti chake cha fedha, Lubna aliinamisha kichwa mzunguko mzima ili taji lisigonge. Wakwe waliona. Mama mkwe akauliza kwa sauti kama siku hizi mabibi arusi wa Fez huolewa wakiwa na shingo mbovu. Batul hakualikwa. Shuka alilomdarizia Lubna tangu akiwa mdogo lilirudishwa na mtu wa kati, limekunjwa vizuri.

Mvua za mwaka huo zilikuwa kali. Nyumba haikuanguka.

Hapo ndipo dhambi ya Batul ilipokamilika machoni mwa mtaa. Nyumba ingeanguka, angekuwa ameokoa roho za watu. Haikuanguka, basi alikuwa mwongo.

"Iko wapi hiyo nyumba iliyokufa?" Mfaddla aliuliza kila aliyemtembelea. "Nendeni mkaione, imesimama kuliko yeye!"

Ilikuwa imesimama kwa sababu magogo yalikuwa yameishika kwapani. Mafundi walipobandua chokaa, Si Thami alikuwapo. Aliingiza mkono mahali boriti ilipokutana na ukuta, akautoa umejaa unga. Mti wote ulikuwa umeoza kwa ndani. Aliyasimulia hayo mkahawani kwa miaka, akinyoosha kiganja kile kile. "Unga, jamaa! Kama wa kukandia mkate! Na wanangu walikuwa chini yake!" Watu walimsikiliza, wakaagiza chai nyingine. Mfaddla alialikwa aje aone kwa macho yake, akakataa.

Wanawake wa mapaa wakampa Batul jina: Lalla Nyekundu. Alipobisha hodi, mlango uliitikia kwa ukimya, ingawa nyayo zilisikika ndani. Au mtoto alitumwa kusema, "Mama anasema nyumba yetu ni nzima, asante." Mapazia yaliongezeka Fez mwaka ule kuliko arusi. Watu walificha nyufa kama wanavyoficha ulevi wa mtoto. Si Jawad alimwondoa katika kazi ya kuingia majumbani, akamweka mbele ya kioo cha kompyuta, aingize vipimo vya wasichana wapya. Alifanya kazi hiyo mpaka alipostaafu. Ramani ile bado inatumika, na mifereji ya mtaa wa chini imechimbwa kwa kuifuata. Zipo nyumba nyingi za mji ule zilizosimama leo, na waliomo ndani hawamjui aliyezipima.

Nimesikia hoja za wanaomlaumu. Wanasema angeweza kungoja, kwamba shoga ni shoga, kwamba mwenye utu hupindisha mstari kidogo kwa ajili ya machozi. Sikubaliani nao, na sitakubaliana. Mstari ukipindishwa kwa ajili ya machozi ya mmoja, unamwangukia mwingine aliyelala, ambaye hakuombwa hata ruhusa. Huruma isiyomwona jirani wa chini ni upendeleo uliovaa kilemba. Hata hivyo sisemi kwamba haki ni nyepesi. Nilimwona Batul Ijumaa moja, miaka mingi baadaye, amesimama sokoni mbele ya muuza maboga, anachagua boga la kuskusi ya mtu mmoja. Alilishika moja, akalirudisha. Maboga yote yalikuwa makubwa mno.

Kichochoro cha Mkomamanga kilikarabatiwa. Akina Thami walirudi, na sasa wajukuu wao ndio wanaolala katika chumba kile. Mfaddla hakurudi. Alisema nyumba iliyomtoa kabla ya arusi ya mwanawe hairudii, akaiuza, akabaki ghorofani, mahali pasipo na paa la kuanikia wala jirani wa kumwita kwa sauti. Lubna alimtumia Batul salamu mara moja, alipojifungua. Batul alijibu, lakini hapakuwa na salamu nyingine.

Mfaddla alifariki mwezi wa Rajabu. Batul alizipata habari kwa muuza nanaa, maziko yakiwa yamekwisha. Kwa ajili ya ukuta ule alimpoteza shoga wa maisha yake yote, pamoja na milango ya mtaa alikokulia, na hakupata chochote badala yake.